Boksi Nililojenga Chini ya Jeneza

Nyinyi mnaofungua maduka ya muziki wa magari siku hizi, kutoka Kenol mpaka Nanyuki, mmenizoea kama yule mama anayesimama mlangoni, anagonga boksi la sabufa kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, halafu anaenda zake bila kununua kitu. Najua mnanicheka. Mmoja wenu hapo Karatina huniita daktari wa kabati. Sikasiriki. Kazi nimeacha kwa sababu ya vumbi la mbao lililoingia kifuani, lakini mkono bado unajigongea wenyewe. Leo nataka kuwaambia kwa nini nagonga, kisha nijisifu kidogo. Katika kazi hii yetu, ukingoja fundi mwenzako akusifu utazeeka ukingoja.

Jina langu ni Nyawira. Sikuanza na spika. Nilianza kama fundi wa kushona viti vya magari hapa Nyeri mjini, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea kibanda cha Fundi Mwai. Mwai alikuwa mtengenezaji wa redio, mtu mwembamba wa maneno machache, koti lake limejaa matundu ya moto wa kulehemu waya. Alikuwa pia akijenga maboksi ya sabufa, na akishamaliza moja alikuwa ananiletea nilivalishe zulia. Kwa hivyo nilijua maboksi kwa ngozi kabla ya kuyajua kwa mifupa.

Siku moja alinikuta nimesimamisha mashine, nasikiliza. Alikuwa akijaribu maboksi mawili yenye spika za aina moja, na moja lilikuwa linasikika safi, lingine kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni.

"Mbona hii inanguruma hivyo?" nikamuuliza.

"Gonga," akasema.

Nikagonga lile lililokuwa baya. Likanijibu *tum*.

"Sasa gonga ukuta wa ile duka ya mawe pale."

Nikavuka, nikagonga ukuta wa watu, nikarudi nikipuliza kidole.

"Imekuambia nini?"

"Haijaniambia kitu. Imeniumiza tu."

"Basi hiyo ndiyo boksi nataka," Mwai akasema. "Spika ndiyo imeandikwa kazi ya kuimba. Boksi haijaandikwa."

Mengine yote niliyojifunza baadaye yalikuwa kuyarefusha tu maneno hayo. Ubao mwembamba unaimba. Ubao mpana usio na kitu cha kuushika katikati unaimba. Ndiyo maana mnatakiwa kuchukua ubao wa MDF, mnene, mzito wa kuvunja mgongo, na ndani ya boksi mtie kipande cha mbao kinachoshika upande huu na upande ule ili zisipepee. Kisha mkumbuke kwamba kile kipande kimekula nafasi, na sumaku ya spika nayo imekula nafasi, kwa hivyo hewa iliyobaki siyo ile mliyopima na futi kwa nje. Siku hizi mnaingiza vipimo kwenye simu nayo inawapa hesabu nzuri kabisa. Itumieni. Mimi mwenyewe niliitumia miaka yangu ya mwisho na nikaipenda. Lakini simu hujibu kile ulichoiuliza, na usipoiambia habari ya sumaku, haitakuuliza.

Boksi langu la kwanza nililijenga Mwai akiwa ameenda Othaya kwa mazishi ya shangazi yake. Mfanyabiashara mmoja wa mboga wa Karatina alikuja na pikapu, akauliza fundi ako wapi. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Akasema, "Hapana, mimi nataka fundi mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe amesafiri na mimi ndiye yule mwingine. Nilimjengea kwa moyo wote. Nilikata mbao vizuri, nikatia gundi, nikatia skrubu, nikavalisha zulia jekundu ambalo hata leo nikilikumbuka naona lilikuwa zuri kuliko boksi lenyewe. Alifurahi sana. Aliniambia, "Mama, hata sikujua hii wimbo iko na filimbi!"

Nami nikafurahi. Wiki haikuisha akarudi, uso umekunjamana.

"Mama, mtangazaji wa habari naye ako na filimbi."

Mwai alikuwa amesharudi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kona moja ya boksi ilikuwa na ufa mdogo ambao jicho haliuoni, na kila spika ikisukuma hewa ilipitia pale ikipiga mluzi. Ndipo aliponifundisha kujaribu kwa viganja. Unaisukuma spika ndani polepole, kwa mikono miwili, usiibonyeze upande mmoja ukaiharibu, halafu unaiachia. Ikirudi mara moja kama mlango wa springi, boksi linavuja. Ikirudi kwa uvivu, kama mtu aliyeitwa kwenda kukama ng'ombe asubuhi ya baridi, limefungika. Tangu hapo kila kona ya ndani niliipaka gundi, ikikauka nikaipaka tena, kisha silikoni. Na yule wa mboga alinunua kwangu mpaka alipoacha kuendesha gari, akileta na wenzake, na akifika alikuwa anaita kutoka barabarani, "Fundi mwenyewe ako?"

Mwai alipofariki kibanda chake kiliunganishwa na changu. Wakati huo nilikuwa nimejulikana. Watu walitoka Nanyuki, wengine ni wauza ng'ombe wa kule waliokuwa wakitaka kusikia nyimbo zao za gitaa vizuri katika safari ndefu. Walitoka Kangari, kwenye majani ya chai. Vijana wengi walitaka kelele, na kelele nilizijenga. Sikuzidharau. Boksi lenye bomba, mnajua, linatoa hewa kwa lile bomba kwa nguvu na kukupa mshindo mkubwa kwa spika ndogo. Lakini bomba lina noti yake linayoipenda, na usipolipima kwa uangalifu litaimba noti ile ile katika kila wimbo, kama jirani mwenye hadithi moja. Boksi lililofungwa kabisa halina mshindo huo. Hewa ya ndani inaishika spika kama springi. Wimbo ukisema simama, inasimama. Mkinunua spika angalieni kwanza ilitengenezwa kwa boksi gani, maana siyo kila spika inakubali kufungiwa.

Sasa nije kwa kazi niliyotaka kuwasimulia.

Kulikuwa na mwanamume anaitwa Kariuki, mwenye gari la kubebea maiti. Lilikuwa gari refu jeusi, vioo pande zote, reli zinazong'aa, na ile sakafu ya juu yenye roli za kutelezesha jeneza. Kariuki alikuwa mtu wa kuchangamka sana kwa kazi ile. Alikuwa amenunua boksi la tayari, lenye bomba, akaliweka nyuma ya kiti chake ili apigie waombolezaji nyimbo za kanisa. Alikuja kwangu asubuhi moja, akazima injini, akashuka amevaa tai.

"Fundi, gari yangu iko na shida ya sauti. Na niko na mama hapa, yeye ndiye atakuambia."

Upande wa pili akashuka mama mzee, mrefu, amejifunga kitambaa cheusi. Aliitwa Wairimu. Mumewe, Gichuki, alikuwa amefariki siku chache nyuma, na alikuwa azikwe kwao karibu na Kiriaini. Wairimu hakuketi kwenye kiti nilichompa. Alisimama akiwa ameshika flashi ndogo mkononi, akaniambia mambo moja kwa moja, kama mtu aliyeyasema kichwani mwake usiku mzima.

Gichuki alikuwa ameimba besi katika kwaya ya kanisa lao tangu ujana. Hakuwa mwenyekiti wala mwalimu wa kwaya. Alisimama mwisho wa mstari wa nyuma, akaimba besi. Kisha akapata ugonjwa wa koo, akafanyiwa upasuaji, na miaka yake ya mwisho hakuwa na sauti kabisa. Alikuwa akiita watu kwa kugonga kikombe.

"Wajukuu wangu wote wamezaliwa baada ya hiyo," Wairimu akasema. "Wanajua babu wa kikombe. Hawajawahi kumsikia. Kwaya ilirekodi wimbo mmoja kabla augue, na kuna ubeti hapo ambapo besi wanaimba karibu peke yao, na yeye ndiye yuko juu ya wote. Nataka siku hiyo, tukitembea kutoka barabara kubwa mpaka nyumbani, wamsikie."

"Na huyu mtu," akaongeza, akimwelekezea Kariuki kidole, "amenichezea hiyo wimbo kwa gari yake. Huyo si Gichuki. Huyo ni mtu amefungwa ndani ya tangi."

Kariuki akatazama viatu vyake.

Nikaingiza flashi, nikasikiliza. Alikuwa amesema kweli. Ule ubeti ulipofika, boksi lilivimba likafanya *buuu* moja ndefu. Maneno yakazama. Ungeweza kusema ni besi, lakini usingeweza kusema ni mtu.

Kulikuwa na jambo lingine. Mzee wa kanisa lao, Ndirangu, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga ibada, hakutaka. Alikuja kwangu mwenyewe siku iliyofuata, akiwa njiani kwenda sokoni, akanikuta napima gari.

"Nasikia wewe ndiye fundi wa hiyo mambo," akaniambia. "Mimi nimeona hii gari ikipita Othaya. Ilikuwa kama disko imebeba marehemu. Mama Wairimu ni mtu wangu, siwezi kumkataza. Lakini nitatembea karibu na dirisha ya dereva. Nikisikia *dum* moja, nazima."

"Ukisikia *dum* moja, mzee, mimi mwenyewe nitakusaidia kuzima," nikamjibu.

Alinitazama kuona kama namdharau. Sikuwa namdharau. Nilikuwa naogopa. Kazi zote nilizokuwa nimefanya, mteja asipopenda, anarudi, tunafungua skrubu, tunarekebisha. Mtu anazikwa mara moja tu.

Nilianza kwa kung'oa lile boksi la tayari. Kisha nilitambaa chini ya sakafu ya roli na tochi. Nafasi ilikuwa fupi kwenda juu lakini pana, kama droo. Nikaamua boksi litakuwa bapa, limefungwa kabisa, na spika ya inchi nane.

Kariuki alishika kichwa. "Nane? Fundi, hata tuktuk za Karatina ziko na kumi!"

"Tuktuk za Karatina hazimtafuti mtu," nikamwambia. "Spika kubwa inataka boksi kubwa, na boksi kubwa haliingii hapa. Tukiilazimisha ndani ya boksi dogo itanguruma, na tutakuwa tumerudi kwenye tangi."

Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi wenu mnapotea hapa. Mtu huchagua spika kwanza, kwa macho, halafu analia akitafuta pa kuiweka. Anza na nafasi uliyo nayo. Pima hewa utakayopata. Kisha tafuta spika inayofurahia hewa hiyo. Nililijenga lile boksi kwa ubao mnene, nikatia vipande viwili vya kushika katikati, na ndani nikajaza pamba ya mito, si ya kushindilia, ya kulegea. Ile pamba humdanganya spika aone yuko kwenye nyumba kubwa kidogo kuliko ilivyo. Nilipomaliza nikaligonga. Lilinyamaza kama ule ukuta wa mawe. Nikaijaribu spika kwa viganja, ikarudi kwa uvivu. Nilijisikia vizuri.

Lakini boksi zuri ni nusu ya safari. Nilikuwa nimeliweka nyuma tu ya kiti cha dereva kwa sababu pale palikuwa na nafasi zaidi. Spika ndogo za sauti ya juu nilikuwa nimeziweka mwishoni kabisa, karibu na mlango wa nyuma, zikiwatazama watakaotembea. Nikafungua mlango, nikasimama nyuma, nikapiga wimbo. Gichuki akaja vipande viwili. Mdomo wake ulikuwa hapa mbele yangu, kifua chake kiko kule kwa Kariuki.

Sauti ya mwanamume anayeimba besi haikai yote kwenye sabufa, watoto wangu. Chini yake kabisa iko kwenye sabufa, maneno yenyewe yako kwenye spika ndogo, na katikati zinapokezana kama watu wawili wanaobeba kitanda. Wakiwa mbali hawawezi kubeba. Basi nikaling'oa boksi tena, nikapunguza unene wa mguu liliokalia, nikalisukuma chini ya roli mpaka mwisho, sambamba na spika ndogo. Kule nafasi ilikuwa ya kubana hivi kwamba nilichubuka viwiko vyote viwili.

Nikapiga tena. Sasa alikuwa mahali pamoja, lakini amekonda. Alikuwa kama anaimba akiwa mgonjwa. Nikaongeza nguvu ya sabufa, bado. Nikaongeza tena, Kariuki akaanza kutikisa kichwa. Niliketi kwenye kizingiti cha lile gari, nikala ndizi, nikafikiria. Kisha nikamkumbuka Mwai na jinsi alivyokuwa akigeuza waya kabla ya kulaumu kitu chochote. Nilichofanya ni hicho tu. Nikachomoa nyaya mbili za sabufa, chanya nikaipeleka kwa hasi, na hasi kwa chanya.

Akajaa. Ninyi mmeshaona chumba taa ikiwashwa. Hivyo. Mwanzo sabufa ilikuwa ikisukuma wakati spika ndogo zinavuta, kwa hivyo pale katikati zilikuwa zikifutana. Sasa zilikuwa zikisukuma pamoja. Kariuki, ambaye alikuwa amesimama nje na soda, aliishusha chupa.

"Ni mtu," akasema.

Ikabaki mitetemo. Gari lile lilikuwa na kila kitu cha kutetema: reli, roli, vioo, hata ile misalaba midogo ya pembeni. Nilikata tyubu kuukuu za baiskeli, nikaweka vipande chini ya kila reli. Nikatia kitambaa cha koti zito nyuma ya kibao cha nambari ya gari. Lakini roli zikiwa tupu hutetema kwa njia moja, na zikiwa na mzigo kwa njia nyingine, na siku yenyewe zingekuwa na mzigo. Tulihitaji uzito. Kariuki alikataa katakata kulala pale juu. Alisema atalala pale siku moja tu, na haina haraka. Basi tukaenda sokoni, tukakodisha magunia mawili ya viazi, tukayapanga juu ya roli moja nyuma ya lingine.

Na kwa kuwa wasikilizaji wangekuwa nje, wakitembea, nilitaka kusikiliza nje nikitembea. Hilo nalo liandikeni vichwani. Usipime sauti ukiwa umekaa mahali ambapo msikilizaji hatakaa. Ndani ya gari besi hujikusanya, nje hutawanyika. Tukachukua ile barabara ya kuelekea Ruring'u, Kariuki anaendesha polepole na tai yake shingoni, mlango wa nyuma umeinuliwa, wimbo unapiga, nami natembea nyuma peke yangu na aproni ya kazi, kichwa nimeinamisha nasikiliza.

Wanaume wa bodaboda wakazima injini na kuvua helmeti. Lori likasimama kando. Mama mmoja aliyebeba kikapu akavuka barabara, akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Pole, mama. Kweli uko peke yako hivi? Hakuna hata mtu wa kukusindikiza?"

Nilikuwa nahesabu mitetemo ya kioo cha kushoto. Nikamwambia, "Ni sawa, mama. Tunajaribu tu."

"Jaribu, ee, jaribu. Mungu atakusaidia." Akatembea na mimi. Ndipo akachungulia ndani, akaona magunia ya viazi, akasimama ghafla. "Ngai! Mnazika waru?"

Kariuki alicheka mpaka gari likazimika. Nilimweleza yule mama kila kitu, naye akatazama yale magunia, akasema maneno ambayo nilifurahi nayo kuliko mengi niliyowahi kuambiwa: "Mimi nilidhani mko na mwimbaji amejificha huko ndani." Kisha akataka kujua kama viazi vinauzwa.

Siku ya mazishi nilivaa gauni langu la kanisa, nikapanda gari la rafiki mpaka Othaya, kisha Kiriaini. Sikuwa nimealikwa. Fundi anatakiwa kusikia kazi yake siku ya kazi yake. Asubuhi ilikuwa na ukungu, mashamba ya chai pande zote yamelowa, na barabara ya udongo ya kwenda kwa Gichuki ilikuwa na utelezi. Watu walikuwa wengi. Kwaya ilikuwa pale na majoho yao, wengine wazee sasa. Ndirangu alijipanga kando ya dirisha la dereva kama alivyokuwa ameahidi, mkono wake tayari kabisa.

Wairimu akawaita wajukuu, akawapanga nyuma ya gari, wadogo mbele.

Kariuki akawasha. Wimbo ukaanza, sauti za wanawake kwanza, nyepesi, zikaelea juu ya ule ukungu. Tukaanza kutembea. Nilikuwa pembeni, katikati ya wanawake wa jirani, na moyo wangu ulikuwa ukipiga kiasi kwamba niliogopa sitasikia vizuri. Ubeti wa kwanza ukapita. Nilitazama mgongo wa Ndirangu. Ukakaribia ule wa besi.

Akaingia.

Sitawadanganya kwamba lilikuwa jambo la ajabu. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayeimba. Lakini ilikuwa yake. Nilisikia anavyovuta pumzi, anavyoshika neno la mwisho wa mstari kidogo kabla ya kuliachia, hata mkwaruzo mdogo kooni. Wazee wa kwaya waliokuwa wamesimama naye miaka yote walitazamana. Kisha wanaume wa sauti ya tatu, ile iliyo juu ya besi, wakaanza kuimba pamoja na wimbo, polepole, kisha wanawake, kwaya nzima ikaingia barabarani, isipokuwa wanaume wa besi. Wale walitembea midomo imefungwa. Walimwachia.

Mjukuu mmoja, msichana, akageuka akamuuliza bibi yake kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Ni babu?"

"Ni yeye," Wairimu akasema. "Sikiliza."

Yule msichana akatembea karibu zaidi na gari. Wengine wakamfuata, mpaka wakawa wamejazana kwenye mlango, na Kariuki akaenda polepole zaidi ili asiwaache. Ndirangu aliinamia dirisha. Nikamwona anamwambia Kariuki kitu, na Kariuki akaongeza sauti, kidogo tu.

Baada ya siku ile, familia zilianza kuja. Watu wa Kangari na kaseti ya mama yao aliyekuwa akihubiri. Watu wa Nanyuki na simu yenye sauti ya mwalimu wa shule. Kariuki alipata kazi nyingi hadi akanunua gari la pili, na boksi lake nililijenga pia. Nimejenga maboksi mengi ambayo vijana wenu wameyaringia, na nayo nayaringia. Lakini mtu akiniuliza niliwahi kufanya nini maishani, mimi humpeleka kwenye barabara ile ya udongo.

Tulipofika kwenye lango la boma, wimbo ulikuwa bado haujaisha. Mchungaji alikuwa tayari na kitabu mkononi, watu wa kubeba jeneza wamejipanga, na Kariuki akanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," Wairimu akamwambia. "Wacha amalize."

Basi sote tukasimama pale kwenye utelezi. Mchungaji akafunga kitabu. Gichuki akaimba mstari wake wa mwisho, akateremka nao hadi chini kabisa, akaushika hapo, na alipouachia ukaisha palepale alipouachia. Boksi halikuongeza hata neno.